Dumu Lenye Madoa

Kando ya barabara kuu ipitayo Singida, mafuta ya alizeti huuzwa kwenye madumu na chupa zilizokwisha kubeba kitu kingine. Chupa iliyonunuliwa na maji ya kunywa hurudi barabarani na mafuta. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa alizeti nchini, kwa hiyo kifungashio kitupu hapa ni mali. Sanaa inayohoji tabia yetu ya kununua na kutupa ina malighafi tele Singida.

Msanii Romuald Hazoumè wa Benin ameonyesha dumu linavyoweza kusema. Kwao, madumu hubeba petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki. Wabebaji huyapasha moto yavimbe ili yachukue mafuta mengi zaidi, na plastiki inazidi kuwa nyembamba na ya hatari. Hazoumè huyakata yaliyochakaa na kuyageuza vinyago: mdomo wa dumu unakuwa mdomo wa mtu, kishikio kinakuwa pua. Katika kazi yake La Bouche du Roi, aliyoifanya kati ya 1997 na 2005, alipanga vinyago 304 kwa umbo la meli ya watumwa. British Museum iliionyesha mwaka 2007, miaka 200 baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Dumu linalotumikishwa hadi lipasuke limesimama mahali pa binadamu aliyetumikishwa hivyo hivyo.

Uchakavu ndio ushahidi wenyewe. Maua ya chupa yaliyopakwa rangi, tunayoyaona sana siku za mazingira, yanapendeza, lakini rangi hiyo inafuta habari zote za chupa. Kinyume chake, msanii Dickens Otieno wa Kenya hukata makopo ya soda kuwa vipande vyembamba na kuvisuka kama kitambaa. Rangi za kiwandani zinabaki, na mtazamaji anatambua alichokunywa mwenyewe.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Chupa na madumu yamebaki, nayo hata yakijazwa mara nyingi huishia mtaroni au motoni. Kibuyu kilichotangulia kubeba maziwa na asali kikivunjika kilioza shambani. Natamani msanii wa Singida aviweke viwili hivyo pamoja: kibuyu, na dumu ambalo halijasuguliwa madoa yake ya mafuta, kila kimoja na bei yake kikiwa kitupu.