Barua kwa Bibi, kutoka Washwood Heath

Jumamosi moja nilikaa na watoto wanne sebuleni kwa jamaa, hapa Washwood Heath, kuwafundisha barua ya kirafiki. Nilianza kama nilivyofundishwa Tanga: anwani juu kulia, tarehe, salamu, kiini, mwisho, jina. Niliposema kwamba hata barua ya bibi ni ya kirafiki, msichana wa miaka tisa akakataa: "Bibi si rafiki yangu. Bibi ni bibi." Alisema kweli, vitabu vinamaanisha tu kwamba barua hiyo si rasmi. Basi yake ikaanza na shikamoo.

Rasimu ya kwanza ilikuwa tupu: mimi mzima, hofu ni kwako, kwaheri. (Maneno hayo tumeyameza sote, walimu mnisamehe.) Nikaifunika, nikamwuliza: utamwambia nini ambacho mama hajamwambia kwenye simu? Na wewe unataka kujua nini kwake? Akanyamaza, kisha akaorodhesha kwa Kiingereza, tukayageuza pamoja: goti la bibi, baridi ya huku, na kwamba bibi akimsemesha kwenye simu humwelewa, ila maneno hayamtoki. Hilo la mwisho ndilo likawa kiini, nalo likajaza ukurasa.

Kwenye bahasha tukakwama tena. Yeye ana namba ya nyumba na postikodi ya B8. Barua za bibi hupitia S.L.P. ya shule ya jirani. Ikabidi mama apige simu kuiuliza.

Rasimu ya tatu iliondoka Jumatatu. Kila nikifika ananiuliza kama bibi amejibu.