Ziwa Halipwi

Tuliletewa shairi na kijana mmoja wa Kyela mjini, fundi baiskeli. Vina vilikuwa sawa na mizani imetimia. Lilisifu Ziwa Nyasa. Lakini katika ubeti wa tatu ziwa lilikupwa, katika wa nne likajaa, na katika wa tano mvuvi akaonja chumvi midomoni.

Ziwa Nyasa halipwi wala halijai kama bahari, na maji yake hupikiwa ugali. Tulimwuliza kijana amefika ufukweni lini. Akajibu kwa uungwana kwamba alifika utotoni. Sifa zile alizipata katika picha za simu yake, aitazamayo hata usiku wa manane.

Hatukumcheka. Nasi hapa ofisini hukaa mbele ya kioo tangu asubuhi, tukaandika habari za mpunga wa Kyela pasipo tope kugusa viatu vyetu.

Basi Jumamosi moja tulifuatana naye hadi Matema, siku ya gulio. Wanawake wa Kikisi walikuwa wakishusha vyungu kutoka mitumbwini. Hutoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji, na vyungu hivyo huvifinyanga kwa mikono, bila gurudumu. Kijana akatoa simu apige picha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Picha haichemshi maharage. Nunua kwanza.”

Akauliza atajuaje kilicho kizima. Mama yule akagonga kimoja kwa kidole, kikalia kama kengele; akagonga cha pili, kikatoa sauti kavu. Ndani yake mlikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Kijana alivigonga vyungu hivyo viwili mara nyingi, mpaka wateja wengine wakanung’unika.

Baada ya adhuhuri upepo wa kusini ulilichafua ziwa. Mbali juu ya maji uliinuka moshi, naye akadhani chombo kinaungua. Mvuvi mmoja akamwambia kwamba ule si moshi. Ni wadudu wadogo watokao majini kwa makundi makubwa. Hilo, alikiri, hakupata kuliona popote, ingawa amezaliwa wilaya hiyo hiyo.

Hatusemi kwamba simu ni adui. Mkulima wa kakao huulizia bei kwayo, na ni haki yake. Tusemalo ni kwamba picha uionayo imekwisha chaguliwa na macho ya mtu mwingine. Marehemu Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na riwaya yake Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, inaanzia kijijini humo humo. Hakulazimika kuazima bahari ya mtu.

Mfanyakazi atatuuliza: Nafasi ya kwenda ufukweni nitaipata wapi? Ni swali la haki, maana nauli ni fedha na Jumamosi wengi wako kazini. Lakini bawabu wa usiku ana milango yake na watu wapitao saa nane. Kuli ana mizigo aijuayo kwa bega. Hata fundi wetu hakupata kuandika lolote juu ya mnyororo wa baiskeli, ambao vidole vyake vinaujua gizani.

Juma lililopita ametuletea shairi la pili. Ubeti wa pili umepungukiwa mizani moja, pale chungu chenye ufa kinapogongwa. Tulimwuliza kama tuurekebishe, akakataa. Tutalichapa kama lilivyo.