Simu Imejaa: Kipi Kifutwe, Kipi Kibaki

Bibi harusi anaingia ukumbini, vigelegele vimepamba moto, shangazi ameinua simu juu ya vichwa vya watu. Kamera inagoma: hakuna nafasi. Kwa haraka anaanza kufuta kabisa vilivyo karibu na kidole chake. Zinakwenda picha za Idi ya mwaka juzi, inakwenda video ya mjukuu akijifunza kutembea, inakwenda picha ya mwisho ya marehemu babu. Nafasi inapatikana, lakini ndani ya simu hiyohiyo zimebaki mamia ya video za kusambazwa ambazo hajawahi hata kuzifungua.

Wenye simu wengi hufuta namna hiyo kwa sababu picha zao ziko wazi kwenye galari, ilhali vinavyokula nafasi zaidi vimejificha. Njia ya kuepuka hasara ni kuvigawa vilivyomo katika mafungu matatu: vinavyojirudia vyenyewe, vinavyoweza kutafutwa tena, na visivyorudi. Kazi ianze na fungu la kwanza, na la tatu liguswe mwisho.

Vinavyojirudia ni akiba ya muda. Facebook, TikTok na Chrome huweka vipande vya picha na video ndani ya simu ili vifunguke upesi mara nyingine. Kwenye Android, mwenye simu akiingia katika Mipangilio, kisha sehemu ya programu, akachagua programu moja na kugusa hifadhi yake, kwa kawaida atakuta njia mbili: kufuta akiba na kufuta data. Asizichanganye. Kufuta akiba hakuondoi picha wala ujumbe. Kufuta data huirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na mara nyingi humtoa mtu kwenye akaunti yake.

Telegram nayo ina unafuu wake. Mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva za kampuni, kwa hiyo picha zikifutwa kwenye akiba ya simu zinaweza kupakuliwa tena, na mtumiaji anaweza kuiagiza programu ijisafishe yenyewe kila baada ya muda fulani.

WhatsApp ni habari nyingine. Kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024, na mtu mmoja yumo katika kundi la ukoo, la kikoba, la wazazi wa darasa na la kamati ya harusi iliyokwisha zamani. Programu isipobadilishwa mipangilio, hupakua picha yenyewe hata kwa bando la simu, na ikikuta WiFi hupakua pia video, sauti na nyaraka. Maua ya kila asubuhi na mahubiri ya nusu saa huingia bila hodi. Dawa ya kwanza ni kuzima upakuaji huo katika sehemu ya hifadhi na data; ujumbe wa sauti tu ndio utakaoendelea kujipakua.

Dawa ya pili imo hapohapo. Sehemu ya kusimamia hifadhi huyapanga mazungumzo kuanzia lililokula nafasi kubwa, na hutenga mafaili yanayozidi MB 5 pamoja na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Mtu anaweza kufuta video za kundi zima bila kugusa maneno ya mazungumzo. Tahadhari moja: WhatsApp haiwi ghala la kudumu la mafaili hayo. Video ya zamani ikifutwa, huenda ikabidi kumwomba aliyeituma airudie, kwa hiyo risiti, barua na picha za familia zitolewe kwanza.

Fungu la pili ni filamu, muziki na michezo iliyopakuliwa. Vyote hupatikana tena, ila kwa gharama ya bando, na michezo mingine hupoteza hatua alizofikia mchezaji.

Kusubiri hadi nafasi iishe kabisa nako kuna madhara. Simu huhifadhi vitu kwenye kumbukumbu aina ya flashi, iliyobuniwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba na kutangazwa mwaka 1984. Kumbukumbu hii haiandiki juu ya maandishi ya zamani. Lazima kwanza ifute eneo zima. Nafasi ikibaki finyu, simu huhamisha vitu huku na kule kabla ya kuandika kipya, kama mwenye ghala anayesogeza magunia kila anapoletewa jingine. Ndiyo maana simu iliyojaa huwa nzito. Kwa kukosa nafasi, programu za benki au za kutuma pesa nazo hushindwa kusasishwa.

Fungu la tatu ni picha na video za mwenyewe. Kwa makadirio yaliyomo katika mipangilio ya iPhone, dakika moja ya video ya 1080p hula takriban MB 60, na ya 4K takriban MB 170. Hotuba ya dakika 20 iliyorekodiwa kwa 4K hufikia GB 3.4, hivyo kushusha ubora kabla ya kurekodi huokoa nafasi nyingi.

Kwa anayetaka kuweka nakala za picha mtandaoni, Google hutoa GB 15 bure, zinazogawanywa kati ya Photos, Gmail na Drive. Hifadhi ya picha isiyo na kikomo ilikoma Juni 1, 2021. Hapa wengi huumia. Kitufe cha kupata nafasi ndani ya Google Photos huondoa nakala za simuni pekee, zile zilizokwisha kupakiwa. Lakini anayezifuta picha kwa kawaida katika programu hiyo huzifuta pia mtandaoni, na akichelewa zaidi ya siku 60 hazipatikani tena.

Asiyependa mtandao anaweza kuhamishia kwenye kompyuta au memori kadi. Kadi bandia zipo: huandikwa GB 512 juu yake huku ndani mna sehemu ndogo tu, na mafaili ya ziada huharibika kimyakimya. Kwa hiyo picha zinakiliwe, zifunguliwe upya kutoka kwenye kadi, zikaguliwe hadi ya mwisho, ndipo za simuni zifutwe. Baada ya hapo pipa la taka la galari limwagwe, kwa kuwa simu nyingi huzishikilia picha humo kwa siku 30, na muda wote huo nafasi inakuwa bado haijaachiwa.