Mgonjwa wa kitandani: mikono inayomgeuza nayo ni dawa

Msomaji, huenda nyumbani kwenu yupo mzazi aliyepatwa na kiharusi, au aliyevunjika nyonga, au ambaye uzee tu umemlaza. Ametoka hospitalini akiwa na karatasi ya ruhusa, mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu dawa mmeelezwa vyema: hii moja asubuhi, ile mbili jioni baada ya chakula. Lakini je, kuna aliyewaonyesha jinsi ya kumgeuza, kumwosha, kumlisha na kumwinua? Mara nyingi hakuna. Na kwa mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe, hayo ndiyo mambo yanayoamua kama atapona au atarudishwa wodini baada ya wiki tatu akiwa na hali mbaya zaidi.

Huko Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka wa 1987 inamtaka msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee yanayolipwa na serikali apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, na katika hizo, saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Baada ya hapo hupimwa kama ameiva. Wakenya wengi walioko huko wamepitia mafunzo hayo na wanaishi kwa kazi hiyo. Wakati huohuo mama zao huku nyumbani wanauguzwa na msichana wa kazi aliyepewa maelezo ya dakika tano mlangoni, na ambaye bado anatarajiwa kupika, kufua na kuwapokea watoto wakitoka shuleni. Simlaumu mtu hapa. Makao ya wazee kwetu ni machache, kama yale ya masista walioko Kasarani, Nairobi, na wengi wetu tunapendelea mzazi abaki nyumbani. Hata Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Ninalosema ni kwamba kutunza huku ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Ukitaka kujua kama mgonjwa anatunzwa vyema, usiangalie jinsi shuka lilivyo jeupe. Mfunue umtazame kifandugu na visigino. Hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia.

Kidonda cha kulalia hutokea hivi. Nyama ya mwili inapobanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu hufinywa na damu haipiti. Wewe na mimi hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujua, kwa hivyo damu hurudi. Aliyepooza, au asiyesikia maumivu, hubaki pale pale. Baada ya saa chache nyama huanza kufa, na mara nyingi huanzia ndani karibu na mfupa. Kinachoonekana juu ya ngozi ni sehemu ndogo tu ya uharibifu. Ndiyo maana jamaa huniambia, "Daktari, jana palikuwa na doa tu, leo pamefumuka shimo." Shimo lilikuwako, ila lilikuwa bado limefunikwa.

Usidhani kwamba jambo hili huwapata maskini pekee. Yule mwigizaji wa filamu za Superman, Christopher Reeve, alipooza baada ya kuanguka kutoka kwa farasi mwaka wa 1995. Alikuwa na pesa, mashine na wauguzi. Alipofariki Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha kulalia ambacho viini vyake vilikuwa vimeenea mwilini.

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa ng'ambo vinasema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu, huenda usiuone kamwe. Tafuta mahali palipogeuka kuwa peusi zaidi au penye rangi ya zambarau. Gusa kwa nyuma ya vidole ulinganishe na ngozi ya kando: je, pana joto zaidi, au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au palaini kama tunda lililoiva sana? Mgonjwa anakunja uso ukipagusa? Niliitwa wakati mmoja kumwona mzee katika mtaa wa Eastlands aliyekuwa na doa lililotoshana na sarafu ya shilingi kumi juu ya kifandugu. Bintiye alidhani ni alama ya mkunjo wa shuka. Doa lilikuwa la moto na gumu. Sikuandika dawa yoyote. Tuliandika saa za kumgeuza kwenye karatasi tukaibandika ukutani, na baada ya siku kadhaa ngozi ilirudi kama kawaida. Lingekaa wiki moja zaidi, tungekuwa tunazungumzia upasuaji.

Basi tuje kwenye kugeuza. Kanuni ya kawaida ni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mwenye godoro zuri na ngozi isiyo na doa anaweza kuvumilia muda mrefu zaidi, hata saa nne, lakini mwamuzi ni ngozi yenyewe: ukimgeuza ukakuta alama isiyotoweka, punguza muda. Andika kwenye karatasi: saa mbili ubavu wa kushoto, saa nne mgongo, saa sita ubavu wa kulia, na anayemgeuza atie sahihi. Karatasi hiyo huzuia yale mabishano ya "nilidhani wewe ndiye ulimgeuza".

Anapolala ubavu, usimsimamishe wima juu ya mfupa wa nyonga. Mwinamishe nusu tu, kisha umwekee mto mgongoni ili uzito wake ukae kwenye nyama ya tako. Weka mto mwingine kati ya magoti yasigusane. Akilala chali, weka mto chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie hewani bila kugusa godoro. Kisigino ni mahali padogo lakini kidonda chake huchukua miezi kupona, hasa kwa mwenye kisukari.

Usimburure. Hapa ndipo wengi wenye nia njema huharibu. Mgonjwa ameteremka chini kitandani, nawe unamshika kwapani na kumvuta juu. Ngozi ya mgongo hubaki imeng'ang'ania shuka huku mifupa ikienda mbele, na nyama katikati huraruka. Tumia shuka la pili lililokunjwa mara mbili na kutandikwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili, mmoja kila upande, huliviringisha karibu na mwili wake na kumwinua pamoja kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Ukiwa peke yako, mgeuze ubavu badala ya kumvuta. Na unapoinua, kunja magoti yako, usiiname kwa kiuno. Nimewatibu migongo wauguzaji wengi.

Kuna mambo yanayofanywa sana ambayo ningependa yaachwe. Kusugua kwa nguvu doa lililo juu ya mfupa huzidi kuiponda nyama iliyokwisha kuumia. Spiriti hukausha ngozi ikapasuka. Lile duara la mpira ambalo mgonjwa hukalishwa juu yake hukata damu pande zote za tundu. Na unga wa kapsuli za antibiotiki unaonyunyizwa kidondani haufiki kwenye viini. Hufanya gamba juu huku usaha ukijikusanya chini. Kidonda kikishafunguka, kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunike kwa bendeji safi, na umwite muuguzi akione.

Wengi huniuliza kuhusu magodoro ya hewa yanayoendeshwa kwa stima. Ni mazuri ukiweza kulinunua au kulikodi. Lakini godoro halimgeuzi mtu, na stima ikipotea usiku baadhi yake hunywea, mgonjwa akabaki juu ya mbao. Godoro nene la sponji pamoja na mtu mwenye saa humshinda mwenye godoro la hewa aliyesahauliwa.

Mwaka wa 1962, muuguzi Mwingereza aitwaye Doreen Norton na wenzake walitoa kipimo rahisi cha kumtambua mgonjwa aliye hatarini. Hupimwa mambo matano: hali ya mwili kwa jumla, hali ya akili, kama anaweza kutembea, kama anaweza kujisogeza kitandani, na kama anaweza kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama moja hadi nne. Aliye mzima kabisa hupata 20. Aliye na 14 kwenda chini yumo hatarini. Unaweza kukifanya wewe mwenyewe jioni ya leo, bila kifaa chochote.

Hilo jambo la tano, la haja, tulitazame kidogo. Mkojo na choo hulainisha ngozi kama vidole vilivyokaa majini, na ngozi laini huchubuka upesi. Nepi ya mtu mzima haina budi kukaguliwa kila mnapomgeuza, wala si asubuhi na jioni tu. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, ukitoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa mwanamke, ili uchafu wa choo usifike kwenye njia ya mkojo. Kausha kwa kupapasa na taulo bila kusugua, kisha upake mafuta mazito ya mgando. Ikiwa ana mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya kiwango cha kibofu lakini usiguse sakafu, wala usipandishwe kitandani anapogeuzwa. Nawa mikono kabla na baada, hata kama umevaa glovu.

Kulisha nako kuna hatari yake. Aliyepatwa na kiharusi huweza kupoteza nguvu za kumeza, na chakula kikaelekea mapafuni na kuleta nimonia. Usimlishe akiwa amelala. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo, umpe kijiko kidogo kidogo, ungoje ameze kabla ya kingine. Wewe pia keti; anayelisha akiwa amesimama huwa na haraka. Tazama ndani ya shavu la upande uliopooza, chakula hujificha humo. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha na umpeleke apimwe jinsi anavyomeza. Kwa wengine maji matupu ni magumu kumeza kuliko uji mzito, jambo ambalo huwashangaza jamaa. Na mswaki usisahaulike, hata kama meno yamebaki mawili. Mdomo mchafu hupeleka viini mapafuni.

Kidonda hakiponi kwa mwili wenye njaa. Mayai, maharagwe, ndengu, omena, maziwa: ndivyo vinavyojenga nyama mpya. Chai na mkate mara tatu kwa siku havitoshi.

Mkono uliopooza usivutwe kamwe, maana bega lake hutoka mahali pake kwa urahisi. Unapomvisha, anza na mkono huo. Unapomvua, umalizie nao. Unapomhamisha kutoka kitandani hadi kitini, weka kiti upande wake wenye nguvu, na kama ni kiti cha magurudumu hakikisha breki zimefungwa. Viungo vyake vyote vikunjwe na kunyoshwa taratibu kila siku, la sivyo hukakamaa.

Kabla hujamgusa, mwambie. "Baba, sasa nakugeuza upande wa dirisha." Mwambie hata kama hajibu. Funga mlango unapomwosha, umfunike sehemu ambazo hujazifikia. Nimewaona wazee wanaokataa kuoshwa, wakaitwa wakaidi, kumbe kinachowaudhi ni kuvuliwa nguo mbele ya wajukuu. Ikiwezekana, baba aoshwe na mwanamume. Na kile anachoweza kufanya mwenyewe, hata kama ni kujifuta uso tu kwa dakika kumi, mwache akifanye.

Mtu mzima wa miaka themanini anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda. Kwa hivyo usitegemee kipimajoto pekee. Akianza ghafla kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi, kukataa chakula au kupumua kwa haraka, au kidonda kikinuka, kikatoa usaha au kuonyesha mfupa, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Sasa niseme na mwenye nyumba. Hesabu zamu za kugeuza: ni kumi na mbili kwa siku, na nne au tano kati yake ni za usiku. Hakuna binadamu anayeweza kuzifanya peke yake mwezi baada ya mwezi. Ikiwa umemkabidhi msichana wa kazi, hiyo ni kazi ya pili na ina mshahara wa pili. Mtafutie muuguzi amfundishe kwa siku mbili tatu mgonjwa angali wodini; wauguzi wengi hukubali wakiombwa, na huko atafanya kwa mikono yake akitazamwa. Mpe siku ya kupumzika. Kama ni wewe binti mkubwa unayeuguza, waite ndugu zako mgawane usiku, na yule anayetuma pesa kutoka mbali aambiwe wazi kwamba sehemu ya pesa hizo ni ya kumlipa mtu wa zamu ya usiku.