Kituo cha Mapumziko ni Usalama wa Kazi



Barabara ya Taifa Namba 1 ya Burundi inatoka Bujumbura, kwenye kimo cha karibu mita 800, na kupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni mwendo wa kama kilomita 35. Wenzetu huteremka njia hiyo na mikungu ya ndizi juu ya baiskeli. Wakirudi, wengi hushika nyuma ya malori yawavute mlimani, na wapo waliopoteza maisha hivyo.

Mtu hashiki lori kwa kupenda hatari. Hushika kwa kuwa miguu imekwisha na nyumbani bado ni mbali. Faini haimpi mtu nguvu za kupanda mlima. Kwa hiyo sisi tunasema: vijengwe vituo vya mapumziko, na vijengwe kwa kufuata kazi yenyewe ilivyo.

Kwanza, mahali. Anayeteremka na mzigo anatakiwa kusimama kabla ya kona kali, si baada yake, ili breki zipoe. Rimu ikipata moto sana, mipira ya breki huisha upesi na tairi huweza kupasuka. Anayepanda naye apate kituo upande wake, asivuke barabara. Kiwanja kiwe nje ya lami, tambarare, kionekane toka mbali. Kituo kilichofichwa na kona ni mtego.

Pili, baiskeli. Iliyobeba mikungu haisimami kwa stendi yake. Panatakiwa ukuta mfupi au mti wa kulaza, kimo cha kiuno, wa kuiegemeza. Bila hivyo mtu huishika baiskeli muda wote, na huko si kupumzika.

Tatu, mwili. Pawe na maji safi, kivuli, benchi na choo. Anayepanda mlima juani aweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja.

Nne, vifaa. Pampu, spana, viraka, gundi na mipira ya breki, chini ya ulinzi wa makanika.

Tusidanganyike na majengo makubwa. Vituo vidogo vilivyo karibu karibu ni bora kuliko jumba moja zuri Bugarama, maana uchovu haungoji mwisho wa safari. Na wa kuchagua mahali ni waendesha baiskeli wenyewe. Wao ndio wajuao ni kona ipi breki huanza kunuka.

Wanachama mnaopita njia hiyo, kutaneni kwa vikundi, hesabuni kona, andikeni mahali panapofaa, mlete orodha chamani. Tutakapokwenda mbele ya wakubwa, tusiende na malalamiko matupu. Twende na orodha mkononi.