Sale Kwenye Geti

Jani lilikuwa limefungwa fundo na kuchomekwa kwenye geti la chuma, juu kidogo ya kufuli. Lilikuwa refu, la kijani, bado bichi. Nilikuwa nimekwenda Marangu kwa shughuli nyingine kabisa, nikabaki nimesimama pale hadi mwenyeji wangu akanishika mkono. "Ni sale," akasema. "Mjane wa nyuma anaomba njia."

Anayeijua Kilimanjaro anajua habari ya vihamba, yale mashamba ya ukoo. Baba aligawa, wanawe wakagawa, na nyumba za ndani zikabaki zikipita kwenye migomba ya wenzao kwa ruhusa iliyotolewa kwa mdomo tu. Kisha Desemba mtu anarudi kutoka Dar es Salaam na mafundi wake. Januari kuna ukuta.

Mama aliyenifafanulia mambo haya ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, watatu wawe wanawake, na kazi yao ni kusuluhisha, si kuhukumu. Hakuanza na sheria. Alinipeleka mpakani.

Masale yalikuwa yamejipanga mstari, na yeye aliyasoma moja moja. Hili shina nene lenye makovu ya majani yaliyodondoka, akasema, lilipandwa na wazee. Hili jembamba ni la juzi. "Ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Mtu ana panga tu, mwanangu, na mvua inamsaidia. Mwaka huu hatua moja, mwaka kesho nyingine." Akaingia kwenye mahindi ya jirani, akainama, akatenga majani kwa mikono miwili. Katikati ya mahindi, mbali na mstari, kisiki cha sale kilikuwa kinachipua. Alikitazama kwa muda, kisha akanyanyuka bila kusema kitu.

Mmea huohuo ndio unaobeba msamaha. Ukimkosea mtu, au ukitaka moyo wake ulegee, unampelekea sale, na kulikataa ni jambo zito. Ndiyo maana lile jani la getini lilinikaa rohoni: mpaka na ombi vimetoka kwenye shina moja.

Nilimuuliza njia inatakiwa iwe na upana gani. "Mimi sipimi kwa futi. Nauliza, jeneza likibebwa na watu sita, litapita bila kuinamishwa?" Huku aliyefia mbali hurudishwa azikwe kihambani. Wapo wagomvi, alisema, ambao hulainika wakiulizwa tu mama zao walipitishwa wapi siku ile.

Lakini sauti yake ilishuka tulipofika kwa mjane. Mume alikufa, na ardhi ya mbele ni ya shemeji yake. Sasa mama huyo anazunguka kwa kufuata mfereji na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na mfereji unateleza. "Wakati mwingine ugomvi si wa njia," mjumbe aliniambia. "Wanataka achoke, aondoke mwenyewe." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anasisitiza siku hizi kila makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Ruhusa ya mdomo inakufa na aliyeitoa.

Zamani sale lilipelekwa mkononi. Shemeji yuko Dar es Salaam, nani alipokee? Kijana anayelinda nyumba hana funguo wala idhini. Na kesho mwenye kihamba akikiuza kwa mtu wa mbali, huyo mgeni ataona nini getini zaidi ya jani? Mjumbe yule hakuwa na jibu, na hakujifanya analo.

Siku ya tatu nilipita tena. Lile jani lilikuwa limenyauka na kufuli liko palepale. Pembeni yake kulikuwa na jingine, bichi, limefungwa fundo.