Uganda, Nchi ya Makafi

Mtu wa Bungoma huingia Uganda kupitia Lwakhakha au Malaba, wa Kitale kupitia Suam. Wengi huenda sokoni Mbale, au kwenye harusi ya binamu upande wa Wamasaba, wakarudi kabla giza halijaingia. Ndiyo maana nchi iliyo karibu hivi ni wachache wanaoijua.

Kwa ufupi basi. Uganda ina eneo la kilomita za mraba 241,000 hivi, na sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Huuza nje kahawa nyingi, na umeme ilianza kuuvuna Jinja kwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Kuhusu mvua na matoke, msomaji wa magharibi mwa Kenya hahitaji kufundishwa. Takwimu nyingine zimo vitabuni.

Aliyeteremka hadi Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria chini ya Kampala, siku ya mashindano ya mitumbwi ya koo za Buganda, hatazungumzia kahawa. Koo zinazotambuliwa ni 52, kila moja na mwiko wake: wa Mamba hawali kamongo, wa Nkima hawamgusi tumbili. Siku hiyo kila ukoo hushangilia chombo chake kama watu wa Kakamega wanavyoishangilia timu yao ya soka, Ingwe. Wanaume hushindana, wanawake nao wana mbio zao. Wapiga makafi huinama na kuinuka kwa pamoja, nahodha akiwa tezini, na anayekosea mpigo mmoja huwachelewesha wote.

Mchezo huu ni mabaki ya jeshi la majini. Mwaka 1875 msafiri Stanley alimkuta Mutesa wa Kwanza, Kabaka (mfalme) wa Buganda, akipigana na watu wa Buvuma, akahesabu mitumbwi 230 iliyofaa kwa vita. Mkubwa kuliko yote aliopima ulikuwa na urefu wa futi 72, mabao 32 ya kukalia na nafasi ya wapiga makafi 64. Mkuu wa vyombo vya Kabaka alikuwa Gabunga, ambaye ndiye pia kiongozi wa ukoo wa Mamba.

Tena mitumbwi hiyo haikuwa na msumari hata mmoja! Mkuku ulichongwa kutoka gogo moja, ukajitokeza mbele kama mdomo. Mbao zikatobolewa kingoni na kushonwa kwa nyuzi za mmea, kisha chombo kikapakwa udongo mwekundu. Omo ilipambwa kwa pembe za swala na manyoya. Msomaji aliyefika makumbusho ya Lamu atakumbuka mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Bahari na ziwa, mbali kiasi hicho, na ufundi wa namna moja.

Ziwa lilikuwa na mwenyewe, mungu Mukasa, na hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Makabaka walimpelekea sadaka. John Roscoe, mmishonari aliyechapisha kitabu juu ya Waganda mwaka 1911, aliandika kwamba katika mahekalu mengi alama ya Mukasa ilikuwa kafi.

Kisha yakaja malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa Ssese, mabingwa wa kushona mitumbwi. Mwaka 1966 askari wa Rais Obote wakashambulia ikulu ya Kabaka, na mwaka uliofuata falme zikafutwa kwa katiba. Zilirudi mwaka 1993, na Buganda ikairudisha mitumbwi yake. Leo mbao hupigiliwa misumari, lakini umbo ni lile la zamani. Hata wavuvi wa upande wa Kenya hutumia chombo cha aina hiyo na kukiita sese.

Nyumbani je? Abiria hupita Webuye wakitazama simu, chini ya mlima wa Chetambe ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Makumbusho ya Kitale husubiri mabasi ya shule. Nje ya tohara ya Agosti, ambayo huja miaka inayogawanyika kwa mbili, utamaduni umeachiwa wanasiasa na mahema yao. Waganda walinyang'anywa ufalme kwa zaidi ya robo karne, na bado wanajua nani akae tezini.

Anayetaka kuona kwa macho yake, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka mpaka. Tarehe aulizie Bulange, makao ya ufalme pale Mengo, kabla ya kukata tiketi ya basi.